Vishoka Vidogo na Pango Kubwa: Mazungumzo juu ya Falsafa

Wasikilizaji wangu wapenzi mlioko Kapsokwony na Kaptama, Kopsiro na Cheptais, na ninyi wa Kimilili, Chwele, Endebess na Kitale, ambao sauti hii huwafikia jioni jembe likiwa limekwisha kuegemezwa ukutani na chai ikiwa jikoni, mazungumzo ya leo ni juu ya falsafa, elimu ambayo wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ni mali ya watu wa vyuo vikuu, iliyozaliwa Uyunani, ikalelewa Ujerumani, na kufikishwa kwetu ndani ya vitabu vizito visivyofunguliwa ila na mwenye shahada. Dhana hiyo siikubali, na sababu ya kutoikubali ni tukio lililopata kutokea mbavuni mwa mlima huu huu wetu wa Elgon, kabla shule hata moja haijajengwa hapa, mbele ya shahidi mgeni aliyeliandika kwa mkono wake bila ya kutambua uzito wa aliyoyaandika.

Mwishoni mwa mwaka 1883, Joseph Thomson, Mskoti aliyekuwa na umri wa miaka 25 tu, baada ya kupita nchi ya Maasai na msafara wake wa wapagazi kutoka pwani, alifika chini ya mlima kwa upande wa kusini, akakuta mapango makubwa ambamo watu wa nchi hii walikuwa wakiishi pamoja na ng'ombe wao na ghala zao za nafaka. Akastaajabu mno, akawauliza ni nani aliyeyachimba mapango hayo. Wenyeji wakamwonyesha vishoka walivyokuwa navyo, vidogo kama vya kuchezea watoto, wakamwuliza nao, vipi mtu mwenye zana kama hizi atachimba pango kama lile? Wakasema kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Thomson hakuridhika. Katika kitabu chake cha safari kilichotolewa mwaka 1885 alishikilia kwamba mapango yale lazima yalichimbwa katika zama za mbali na taifa fulani lenye nguvu na ustaarabu, lililokuwa likitafuta vito au madini, na akafika hata kuuliza kama yamkini Wamisri wa kale walipata kufika kusini kiasi hicho.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa kuwa katika mabishano haya mafupi baina ya wazee wa mlimani na msafiri mgeni umo mlango wa kwanza wa falsafa, yaani mantiki, elimu ya kupima hoja. Tuyapange maneno ya wazee. Kama sisi au babu zetu ndio tuliochimba, basi tungekuwa na zana zitoshazo kazi hiyo. Zana zetu ni hizi uzionazo, wala hazitoshi. Basi si sisi. Hiyo ni hoja timamu isiyo na ufa, ya namna ile ile ambayo Aristotle wa Uyunani aliitumia, na waliomfuata walioandika kwa Kiarabu, akina Farabi na Ibn Sina, wakaifundisha, na ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu huikariri hata leo kwa herufi na alama. Wazee hawakuisoma popote. Waliitoa papo hapo, na ushahidi wakaushika mkononi.

Lakini mantiki haipendelei mtu, na insafu yanitaka niseme kwamba hatua ya pili, ile ya kutoka kwenye "si sisi" hadi kwenye "basi ni Mungu", haikuwa na nguvu ya ile ya kwanza. Wala hatua ya Thomson, ya kutoka kwenye "si hawa" hadi kwenye "basi ni taifa la mbali lenye ustaarabu", haikuwa nayo. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba wenye vishoka vile hawakuchimba, na kila upande ukairukia sababu iliyokuwa karibu na moyo wake, bila kuuliza kama ipo sababu ya tatu. Nayo ilikuwapo. Katika pango la Kitum, ndani ya hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon iliyotengwa mwaka 1968, ndovu huingia usiku katika giza totoro, hupapasa njia kwa mikonga hadi ndani kabisa, na hupasua ukuta kwa pembe zao ili watafune mawe yenye chumvi. Michoro ya pembe hizo imejaa ukutani, mistari mirefu iliyolala sambamba, nawe waweza kuigusa kwa vidole. Katika miaka ya 1980 mchunguzi wa Kiingereza, Ian Redmond, alikesha mapangoni humo akiwatazama. Wataalamu waliokuja baadaye wameiongeza kazi ya maji, ambayo ndiyo iliyofungua mapango kwanza, kisha ndovu wakayapanua vizazi kwa vizazi, na binadamu naye akachokoa chumvi kwa ajili ya mifugo wake.

Mwaweza kuuliza, kwa nini Thomson, mtu msomi mwenye macho makali, hakuliona hilo? Swali hili latupeleka kwenye tawi la pili, nalo ni elimu ya maarifa, inayouliza twajuaje tunachodai kukijua, na ni lini mtu ana haki ya kusema "najua" badala ya "nadhani". Thomson aliingia pangoni na kadhia moja aliyoibeba kutoka kwao bila ya kuitamka, kwamba kazi kubwa ikionekana katika Afrika, mwenye kuifanya lazima alitoka nje ya Afrika. Kadhia hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya Mjerumani Karl Mauch, alipofika kwenye majengo ya mawe ya Zimbabwe mwaka 1871, ayahusishe na Malkia wa Sheba, na ikawachukua wataalamu hadi mwaka 1905, na tena mwaka 1929, kuthibitisha kwa kuchimba ardhini kwamba waliojenga ni Waafrika. Hoja iliyofichwa ni ya hatari kuliko hoja mbaya iliyosemwa, kwani iliyosemwa yaweza kujibiwa.

Wanavyuoni wa pwani waliosoma elimu za Kiislamu walifundishwa kutofautisha daraja tatu za kukubali jambo, shaka, dhana na yakini, na sina mfano bora wa daraja hizo kuliko habari nyingine ya Kitum. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akiishi magharibi mwa Kenya alipatwa na homa ya Marburg, akafa; mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki wa miaka 15 akafa kwa homa hiyo hiyo; na wote wawili walikuwa wamezuru pango hilo kabla ya kuugua. Ilikuwa dhana yenye nguvu kwamba virusi vimo pangoni. Mwaka 1988 wataalamu wakaja na mavazi ya kujikinga, wakaweka wanyama ndani ya vizimba humo pangoni, wakakusanya wadudu na popo, wasione kitu. Mtu mwenye haraka angalisema, basi hakuna. Miaka takriban ishirini ikapita, na virusi hivyo vikaonekana katika popo walao matunda, wakiwamo popo wa mgodi mmoja wa Uganda na popo wa Kitum yenyewe. Mwenye kutafuta asipopata amejua jambo moja tu, kwamba hakupata, na kutoka hapo hadi kusema kwamba kitu hakipo ni safari nyingine kabisa. Laiti tungalikumbuka hivyo tunapohukumiana vijijini kwa uvumi!

Sasa tushuke sokoni, kwani tawi la tatu, elimu ya maadili, ambayo wengine huiita akhlaki, halihitaji pango. Nani asiyelijua gorogoro, lile kopo la bati la kilo mbili tunalopimia mahindi na maharagwe? Nanyi mmepata kuliona lile ambalo kitako chake kimegongwa kikabonyea kuingia ndani, kiasi cha vidole viwili, hata mnunuzi akitazama kutoka juu huona mahindi yamefurika kileleni, ilhali chini amepunjwa. Muuzaji akiulizwa husema, aghlabu kwa upole, kwamba kila mtu hapa sokoni hufanya hivyo, na kwamba yeye akijaza peke yake watoto wake watalala njaa. Biblia na Qurani zote mbili zimelaani kipimo cha udanganyifu, na kwa wengi wetu hilo latosha. Mwanafalsafa huongeza swali lake. Je, kupunja ni kubaya kwa sababu kumekatazwa, au kumekatazwa kwa sababu ni kubaya? Swali la namna hii aliliuliza Socrates katika mitaa ya Athens zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na bado halijapoa. Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alitoa kipimo chake: chukua kanuni ya tendo lako, uifanye sheria ya watu wote, kisha utazame kama tendo lenyewe laweza kusimama. Wauzaji wote wakibonyeza makopo yao, na wanunuzi wote wakajua kwamba yamebonyezwa, neno gorogoro litakoma kuwa na maana ya kipimo, na hila yenyewe itakosa pa kusimama, kwa kuwa hila ya mmoja huishi juu ya uaminifu wa wengi. Mimi naiona hoja hiyo kuwa na nguvu, ingawa wapo waliomjibu Kant kwamba tendo hupimwa kwa matunda yake, si kwa kanuni yake, na jibu lao si la kudharauliwa hata kidogo, hasa unapomfikiria yule mama mwenye watoto wenye njaa.

Kutoka kwenye haki ya kopo twaja kwenye haki ya ardhi, nami najua kwamba hapa nasema na watu wenye majonzi yasiyopoa. Mwaka 1968 nchi ya juu ya Chepkitale ilifanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1971 ukaanzishwa mpango wa makazi wa Chepyuk kwa ajili ya waliotolewa huko. Ugawaji ukafanywa, ukafutwa, ukafanywa upya kwa awamu, hata ikawa katika ardhi moja yupo aliyehamishwa kutoka juu na kuahidiwa badala yake, yupo aliyefyeka msitu kwa mikono yake, yupo aliyenunua kwa fedha halali kutoka kwa mtu aliyeonekana kuwa na haki, na yupo aliyezaliwa pale na asijue kwao pengine. Baina ya mwaka 2006 na 2008 ugomvi huo ukamwaga damu, kwanza ya wenyeji kwa mikono ya wenyeji, kisha, tangu Machi 2008, jeshi la serikali likapanda mlimani, na familia nyingi zikapoteza wana mikononi mwa pande zote mbili.

Falsafa ya siasa haiwezi kuwarudisha waliokufa. Kazi yake ni kuonyesha kwamba madai yale manne hayakuwa makelele ya watu wakorofi, bali kila moja lilikuwa na nadharia nzima ya haki nyuma yake. Aliyefyeka msitu husema, bila kujua, maneno ya Mwingereza John Locke wa karne ya 17, kwamba mtu huchanganya kazi yake na ardhi, na kwa hiyo huwa yake. Na ni vyema tukumbuke kwamba Locke mwenyewe aliweka sharti, nalo ni kwamba abakishe ya kutosha na iliyo nzuri vile vile kwa wengine. Mwalimu Julius Nyerere, katika maandishi yake juu ya Ujamaa ya mwaka 1962, aliikana njia hiyo kabisa, akashikilia kwamba ardhi ni ya jamii, na haki ya mtu ni kuitumia tu, si kuimiliki kama bidhaa. Aliyenunua hutegemea mkataba. Aliyehamishwa hutegemea dhuluma iliyotangulia ambayo haijalipwa. Maoni yangu, nami nayasema kwa unyenyekevu mbele ya watu walioumia kuliko mimi, ni kwamba dai la aliyehamishwa ndilo la kutangulizwa, kwani madai mengine yote yalizaliwa baada ya dhuluma ile na kwa sababu yake. Lakini kutangulia si kufuta, na anayetangulizwa hapati kwa hilo ruhusa ya kumfukuza mtoto aliyezaliwa pale.

Liko pia tawi la ujumi, linalouliza uzuri ni nini, na kama uzuri wa sauti ya litungu umo katika nyuzi au umo katika sikio la msikilizaji; nalitaja tu, kwa kuwa laomba jioni yake peke yake.

Nimelibakiza tawi ambalo wanafalsafa wengi wa zamani waliliita la kwanza, metafizikia, elimu inayouliza juu ya kuwapo kwenyewe, juu ya sababu, wakati, roho na Mungu. Mwaweza kudhani kwamba baada ya kuwataja ndovu na maji, jibu la wazee wa 1883 limekwisha kuangushwa. Sivyo hata kidogo. Ndovu ni sababu ya karibu. Wazee yamkini walisema juu ya sababu ya mbali. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuliza katika kitabu chake dhidi ya wanafalsafa, moto ukigusa pamba na pamba ikaungua, macho yetu yaona nini hasa? Yaona kuungua pamoja na kugusa. Hayaoni kwamba moto ndio utendao, na Ghazali akashikilia kwamba mtenda ni Mungu. Ibn Rushd wa Kurtuba, katika karne ile ile, akamjibu kwa ukali kwamba mwenye kukanusha sababu katika vitu amekanusha elimu yenyewe, maana elimu ni kuzijua sababu. Mabishano hayo yangali hai. Mzee wa Elgon aliyesema kwamba pango ni kazi ya Mungu angeliketi baina ya mabwana hao wawili bila aibu, mradi angeulizwa swali linalofuata.

Na hapo ndipo penye shida, kwamba swali linalofuata halikuulizwa. Mwishoni mwa mwaka 1925 alikuja mlimani mgeni mwingine, Carl Gustav Jung, tabibu wa nafsi kutoka Uswisi, akapiga kambi Elgon na kufanya mashauri na wazee kwa Kiswahili cha kuungaunga. Akaona kwamba alfajiri wazee hutemea mate viganjani, kisha huvielekeza viganja kwenye jua linapochomoza. Akauliza maana yake, akajibiwa kwamba ndivyo ilivyofanywa siku zote. Akauliza kama jua ndilo Mungu, wakacheka, kwa kuwa jua likiwa juu mbinguni si Mungu. Hatimaye akafahamu kwamba wanachokiheshimu ni ile saa ya kuchomoza. Tafakarini uzito wa jambo hilo! Mungu asiye kitu miongoni mwa vitu, bali aliyefungamana na wakati ambao nuru yazaliwa. Hiyo ni metafizikia ya hali ya juu. Lakini Jung alikata shauri kwamba wazee walitenda tu na hawakujua maana ya watendalo, na kwa kuwa aliwasikiliza kama kundi, hatukuachiwa hoja ya mzee mmoja mmoja, ya aliyeamini na ya aliyekuwa na shaka.

Kosa hilo ndilo alilojitolea kulisahihisha Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa Ugenya aliyezaliwa mwaka 1944 na kusoma Uppsala, Sweden. Tangu miaka ya 1970 yeye na wenzake walizunguka vijijini mwa Kenya na vinasa sauti, wakawatafuta wazee, wake kwa waume, waliosifiwa kwa hekima, na kuwahoji juu ya ukweli, Mungu, kifo, uhuru na haki. Akawagawa katika mafungu mawili. Wako wanaoijua mila barabara na kuieleza vizuri, na hao wana heshima yao. Na wako wanaoijua mila, kisha wakaipima, wakakubali hili na kukataa lile kwa sababu wanazoweza kuzitaja. Hao wa pili aliwaita wanafalsafa, wawe wamesoma au hawakusoma. Paul Mbuya Akoko, Mluo, alikataa dhana kwamba kila kabila lina mungu wake, akatoa hoja kwamba mpangilio mmoja wa maumbile waonyesha Mungu mmoja. Na miongoni mwa waliomo katika kitabu cha Oruka cha mwaka 1990 yumo Mbukusu, Okemba Simiyu Chaungo. Oruka alifariki Nairobi mwezi Desemba 1995, baada ya kugongwa na gari barabarani, na kazi yake haijamalizwa.

Wasikilizaji wangu, wazee waliozaliwa kabla ya uhuru wangali wako Kaptama na Kongit, wako Kimilili na Endebess, nao wapungua kila mwaka. Enyi vijana mnaonisikia, simu mlizo nazo mifukoni hunasa sauti vizuri kuliko mashine aliyotembea nayo Odera Oruka. Nendeni kwa babu na nyanya zenu kabla ya shule kufunguliwa, mkae nao kwa adabu, mwaulize ni kwa nini jambo fulani hufanywa; na mzee akisema kwamba ndivyo ilivyofanywa siku zote, msifunge simu. Mwambieni, "Nimesikia, babu, na wewe mwenyewe waonaje, ni sawa?" Nyamazeni, mumpe nafasi, kisha mniletee atakachokisema, katika lugha yoyote aliyokisemea, nasi tutakisikiliza pamoja katika kipindi hiki.